Kengele Iliyopikwa kwa Uongo

"Rudia! Rudia hilo neno, nikusikie vizuri!"

"Narudia mara mia! Aliyemfunga baba yangu si Kaisari, wala si Wapolandi. Ni wewe, Apollon Ignatievich! Wewe na gazeti lako!"

Kiti kikaanguka. Chai ikamwagika mezani, ikatiririka mpaka kwenye bakuli la asali. Mzee Apollon Ignatievich, mhariri ambaye Moscow nzima ilikuwa inamwinamia, alisimama.

"Unakula mkate wangu," alisema, "unalala chini ya paa langu, halafu unanipigia kelele mbele ya binti yangu?"

"Baba yangu hana paa leo. Ana dari ya jela!"

Wewe uliyekuwa shamba juma lililopita ukaikosa hadithi, shika haya upesi, maana hawa wawili hawatatusubiri.

Huyu kijana ni Izidor Savchinski. Kwao ni Lozivka, kijiji cha Warusini huko Galisia, ng'ambo ya mpaka, kwenye himaya ya Kaisari wa Austria. Baba yake, Padri Emilian, ndiye kasisi wa pale. Huko kasisi anaoa, na misa yao ukiisikia ni kama ya Moscow tu, ila wao wanamtii Papa wa Roma. Padri Emilian alimwomba mwanawe kitu kimoja kutoka Moscow: kengele. Ya kwao ilikuwa imepasuka. Na kijiji cha theluji bila kengele ni kaburi, kwa sababu dhoruba ikivuma, kengele ndiyo inayomrudisha mtu nyumbani. Mama yake Izidor alipotelea kwenye theluji karibu kabisa na mlango wake mwenyewe. Alizunguka, akazunguka, hakuna mlio wa kumwita. Asubuhi wakamkuta ameegemea ua, kikapu bado mkononi.

Watu wa Moscow walichanga, kengele ikatengenezwa. Mara, gazeti la *Ngome*, gazeti la Apollon Ignatievich, likatoka na habari kubwa ukurasa wa kwanza: Lozivka nzima imemtupa Papa, imeingia Orthodoksi, na imeapa kuwa watu wa Tsari wa Urusi!

Juzi Padri Emilian kakamatwa. Shitaka ni uhaini. Na uhaini kule, mwenzangu, unaishia kwenye kamba. Telegramu ya kuambiwa hayo ndiyo iliyokuwa imekunjwa kwenye ngumi ya Izidor.

Haya, turudi mezani.

"Gazeti langu haliandiki uongo," alisema mzee, akiinua kiti mwenyewe.

"Lozivka hajaapa mtu! Hata paka hajaapa! Sebuleni kwetu picha ya Kaisari imetundikwa pembeni ya Mtakatifu Nikola. Unajua kwa nini? Babu yangu alikuwa analima shamba la bwana Mpolandi bure, kama ng'ombe. Kaisari ndiye aliyesema basi. Kila Jumapili baba anamwombea Kaisari, na anaomba kwa moyo."

"Anaomba kwa sababu amesahaulishwa yeye ni nani!" Mzee akagonga meza. "Ninyi ni Warusi, Izidor. Damu yenu ni Urusi, misa yenu ni Urusi. Mmekatwa kama kipande cha nguo, mkashonwa kwenye kanzu ya Mjerumani wa Austria. Wapolandi wanachukua shule zenu, wanachukua mahakama. Miaka michache ijayo lugha yenu itakuwa ya kuitia kuku tu. Ni uongo huo?"

Izidor akaitazama telegramu mkononi.

Si uongo. Ndicho kilichokuwa kinamuuma. Alipokuwa shule Lvov, mji mkuu wa Galisia, aliyasoma maneno ya mzee huyu amelificha gazeti chini ya dawati, machozi yakimlengalenga, kwa sababu hatimaye kuna mtu mkubwa anayejua kwamba Warusini wapo duniani. Ndiyo maana alivuka mpaka, akaja kumtafuta. Alimpenda mzee huyu.

"Si uongo," alisema polepole. "Lakini nijibu moja. Wewe si ndiye unayeandika kila juma kwamba mfalme anawekwa na Mungu, raia hachagui mfalme kama anayechagua kofia sokoni?"

"Naandika, na nitaandika mpaka nife."

"Wapolandi wa upande huu walipomwasi Tsari ulisemaje?"

"Nilisema wanyongwe."

"Na sisi tukimwasi Kaisari wetu?"

"Hilo ni jambo lingine."

"Lingine vipi?"

"Lingine tu! Kuna sheria ya karatasi na kuna sheria ya damu!"

"Aa. Mkuki kwa nguruwe mtamu." Izidor alicheka kicheko kibaya. "Baba yangu ni mhafidhina kuliko wewe, mzee. Yeye anamtii mfalme aliyepewa. Wewe unatii mfalme wako, halafu unawachochea raia wa mwenzako."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Apollon Ignatievich neno kama hilo na akabaki amesimama kwenye zulia lake.

Kwenye samovari, lile birika kubwa la chai, Glafira, binti yake wa pekee, alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Glafira ndiye mkono wa baba yake, maana vidole vya mzee vimepindwa na ugonjwa wa viungo, hawezi kalamu. Makala zote, barua zote, telegramu zote, mzee anatamka, binti anaandika.

Na Izidor alikuwa anampenda. Hilo mnalijua. Mzee pia analijua.

"Nataka mstari mmoja," alisema Izidor, sauti imeshuka. "Kwenye toleo la kesho. *Habari ya Lozivka haikuwa ya kweli.* Basi. Nautuma Lvov kwa telegramu, mawakili wanamwonyesha hakimu, baba anarudi nyumbani. Mstari mmoja, Apollon Ignatievich. Nakuomba kama baba."

Mzee akafungua mdomo kujibu.

Mlango ukafunguka, puu! Baridi ikaingia, na nyuma ya baridi likaingia koti la manyoya lenye mtu ndani.

"Mnagombana Kwaresma? Mungu anawaona, makafiri nyinyi!"

Alikuwa Nikifor Panteleich Zharov, tajiri mwenye kiwanda cha kengele, tumbo mbele, uso mwekundu kama nyanya, kapu la maandazi ya uyoga kwapani. Huyu ndiye aliyeitengeneza kengele ya Lozivka. Kwenye nyumba hii haombi ruhusa kuingia, alikuwa rafiki wa mzee tangu wote wawili wana nywele.

"Glafira, Glasha, njiwa wangu, nimiminie chai, mdomo umeganda. Enhe, mnapigania nini? Nimewasikia tangu barabarani. Farasi wangu wamejifunza matusi mawili mapya."

"Ondoka, Nikifor," alisema mzee. Haraka mno.

"Baba yangu yuko jela," Izidor alimwambia, "kwa sababu ya habari kwamba Lozivka imeapa kwa Tsari. Namuuliza Apollon Ignatievich nani alimletea."

Nikifor Panteleich alimwangalia Izidor, akamwangalia mzee, halafu akaangua kicheko.

"Ile ya Lozivka? Lakini ile ni yetu!"

"Yenu vipi?"

"Ya kiwandani! Ni uongo wa kengele! Hee, kijana, umekaa Moscow muda wote huu hujui? Kengele kubwa haimiminwi shaba peke yake. Inamiminwa na uongo. Siku tanuri linapowashwa tunatoa uvumi mjini, mkubwa, mnono. Uvumi ukienda mbali, na sauti ya kengele itaenda mbali. Marehemu baba yangu alipomimina ya monasteri alieneza kwamba bibi harusi mmoja ameota pembe madhabahuni. Wiki nzima watu walijazana pale kutafuta pembe! Na kengele ile mpaka leo ikilia, maziwa yanatikisika kwenye ndoo vijiji vitatu." Akafuta machozi ya kicheko. "Na hii yenu umesema imefika Lvov? Mama yangu! Uongo wangu haujawahi kutoka hata nje ya mkoa! Italia hiyo kengele, italia mpaka..."

Akaona uso wa Izidor. Kicheko kikafia kwenye ndevu.

"Jela, umesema?"

"Jela."

Nikifor Panteleich akaweka kapu chini taratibu.

Izidor alimgeukia tajiri. Uongo wa kengele! Mchezo wa wafua shaba! Baba yake, aliyemfundisha kusoma kwa kidole kwenye Zaburi, anyongwe kwa mchezo?

"Nani aliutunga?"

"Desturi ni kwamba aliyetoa fedha ya mwisho ndiye anayetunga," alisema tajiri kwa sauti ndogo. "Ile tunayoitupa ndani shaba ikishachemka. Ili mlio uwe mtamu."

Wala hakutaja jina. Macho yake yalikwenda yenyewe kwenye samovari.

Glafira hakuwa na hereni. Izidor alikumbuka ghafla kwamba hakuwa ameziona hereni zake za fedha siku nyingi.

"Ni mimi," alisema Glafira.

"Wewe?"

"Nilitupa hereni za mama. Wakaniambia, haya, sema uongo. Nilitaka uongo wangu useme kitu kizuri kuhusu kwenu, Izidor. Nilidhani baba atafurahi, na wewe utafurahi. Kengele ikipoa watu wanaambiwa ulikuwa uvumi, wanacheka, yameisha. Ndivyo ilivyo siku zote! Ningejuaje kwamba hii itavuka mpaka kabla shaba haijapoa?"

Alikuwa analia, lakini hakujificha uso.

Sasa sikia jambo la ajabu. Moyo wa Izidor ulipaa! Kwani si ndiyo ilikuwa afueni? Hakuna adui! Hakuna njama! Mzee kadanganywa tu kama mji mzima!

"Basi imekwisha!" alipiga kelele, akamshika mzee mkono. "Apollon Ignatievich, nisamehe, nimekutukana bure! Hukujua! Andika tu kwamba ulikuwa uvumi wa kengele, Moscow itacheka siku moja, na baba..."

Mzee alikuwa anatazama dirisha.

"Hakujua?" alisema Nikifor Panteleich taratibu, kama mtu anayeuliza ukuta. "Mzaliwa wa Moscow, asijue uongo wa kengele? Apollon, si ulikuwa umesimama pale pale? Si uliushika mshumaa mwenyewe? Glasha alipousema ule uongo sikioni kwangu, wewe ndiye uliyesema, 'Paza sauti, binti, na mimi nisikie.'"

Izidor aliuachia ule mkono kana kwamba umemuunguza.

"Ulijua."

Izidor alirudi nyuma hatua moja.

"Ulijua ni mchezo, ukaandika ni kweli."

Apollon Ignatievich akageuka. Na kitu kilichomtisha Izidor ni kwamba hakuwa na aibu. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyemaliza sala.

"Lisemwalo lipo," alisema, "na kama halipo, laja. Lozivka wangeapa, Izidor. Kama si leo, kwa wajukuu. Mimi nimetangulia tu kusema. Unadhani Urusi inamwona Mrusini? Miaka ishirini naandika juu yenu. Hesabu za shule, majina ya vijiji, dhuluma za mahakama. Nani alisoma? Wanawake walifungia samaki! Sasa kuna kasisi jela, na Urusi yote itauliza Lozivka iko wapi. Baba yako peke yake, kwenye kile chumba, ameifanyia damu yenu kazi kuliko makala zangu zote."

"Ana jina. Anaitwa Emilian. Kifua chake kibovu, na hawezi kulala bila soksi."

"Ataombewa kila kanisa."

"Akishakufa!"

"Kaa chini, mwanangu." Mzee alilainisha sauti. "Kaa. Utakuwa mwana wa shahidi wa imani. Milango yote itafunguka. Na nyumba hii... nimezeeka. Glafira anakupenda, mimi si kipofu."

"Mimi si tuzo ya gazeti, Baba," alisema Glafira.

Ndipo Nikifor Panteleich alipokohoa. Alikuwa amekaa pembeni, kofia magotini, ule wekundu wote umemtoka.

"Jamani. Kuna jambo. Hilo la maandishi."

"Maandishi gani?" Izidor aligeuka. "Nilikupa maneno mimi mwenyewe! *Namwita aliyepotea.* Ya mama."

"Yapo, yapo, katikati, mazuri sana. Lakini ukingoni chini... kijana, ni kawaida ya kiwanda. Kengele zote tunaziandika hivyo, kalibu ya herufi iko tayari, vijana wanaibandika tu bila kuwaza. Hata mimi nimekumbuka sasa hivi."

"Sema!"

"*Imetengenezwa Moscow, katika utawala wa Tsari, bwana wetu.*"

Bwana *wetu*.

Izidor aliiona kama iko mbele yake. Mnara wa mbao wa Lozivka. Kengele mpya juu. Chini yake askari wa Austria, shingo juu, anasoma. Mwendesha mashtaka hatahitaji shahidi mwingine. Hata kanusho likitoka, atasema, kama ni uongo, hiki nini? Kitu ambacho baba alikiomba ili mtu asife kwenye theluji ndicho kitakachomtia kitanzi.

"Iko wapi?"

"Mpakani. Imefika salama, imo ghalani, inasubiri kuvushwa." Tajiri alikunja kofia kama nguo mbichi. "Ningeweza kuizuia ningeizuia, naapa. Lakini mzigo ni wa kamati ya mchango. Mtu wao wa mpakani hasikii neno la mtu ila la Apollon."

Wote watatu wakamtazama mzee.

Na mzee, Mungu amsamehe, alikuwa anatabasamu kidogo.

"Si nilikwambia?" alisema. "Laja."

Izidor hakupiga kelele tena. Alikwenda kwenye msumari, akachukua koti lake.

"Unakwenda wapi?"

"Mpakani. Kisha Lvov. Nitasimama mbele ya hakimu, nitasema ni uongo wa kengele, na nitaeleza ulivyotungwa."

"Ngoja. Nitaliandika kanusho." Mzee alinyosha mkono kuelekea picha takatifu pembeni. "Naapa mbele ya Mama wa Mungu. Kesho hiyo hiyo, ukurasa wa kwanza. Ila kengele iende."

Hata Nikifor Panteleich alishusha kichwa. Mstari mmoja wa gazeti, na juu yake kengele nzima ya kuukanusha!

"Unanipa maji kwenye pakacha, mzee."

"Basi nenda! Nenda uone!" Sasa ile sura ya sala ilipasuka. "Unadhani hakimu wa Lvov atakusikiliza? Habari ile, unadhani wao wanasema nani aliiandika?"

"Haikuwa na jina."

"Toleo la Moscow halikuwa na jina." Mzee alipumua. "Linalokwenda nje ya nchi nilitia herufi mbili chini. I na S. Nilitaka Wapolandi waone kwamba anayesema ni Mrusini mwenyewe, si mimi. Kule Lvov, Izidor, aliyemshitaki Padri Emilian ni mwanawe wa kumzaa. Ukivuka tu wanakutia pingu."

Glafira alitoa sauti ndogo kama mtu aliyejichoma sindano. Yeye ndiye aliyeiandika habari ile. Lakini herufi zile hakuziandika. Zilitiwa chapani, bila yeye kujua.

Izidor alifunga vifungo vya koti. Kimoja kimoja. Alikuwa anaona baba yake kwenye chumba cha jela, anaonyeshwa gazeti, anaziona herufi. Anajua ni nani. Na anakaa kimya, hamtaji mwanawe, kwa sababu ndivyo alivyo.

"Basi ndiyo sababu zaidi ya kwenda," alisema.

"Chukua farasi wangu, wako mlangoni," alisema Nikifor Panteleich kwa sauti iliyokauka. "Mwambie mwendeshaji, mpaka stesheni, na asiwaonee huruma." Akamsukumia kapu la maandazi. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

"Izidor!" Mzee aliita, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa ya mtu mzima anayebaki peke yake. "Ukitoka kwa mlango huo, kwangu huna nyumba. Na kwenu una kamba."

Izidor aligeuka kizingitini. Alitaka kusema tusi. Badala yake aliinama, kama anavyomwinamia kasisi, kama alivyoinama siku ya kwanza alipofika nyumba hii na matope ya safari miguuni.

"Nilikusoma chini ya dawati, Apollon Ignatievich," alisema. "Nilipigwa viboko kwa ajili yako."

Akatoka. Akaanza kuvuta mlango.

Na mlango ukiwa haujafika, akausikia mkono wa mzee unapiga meza.

"Glafira! Kalamu! Telegramu, mpakani. Andika: *Msisubiri. Vusheni kengele leo hii.*"

Treni haiwezi kuikimbiza telegramu. Hilo hata mtoto anajua.

Izidor akasimama, mlango umebaki wazi upana wa kiganja. Kupitia ule upenyo alimwona Glafira anakwenda mezani. Anakaa. Anafuta machozi kwa nyuma ya mkono. Anachovya kalamu kwenye wino.

Mzee alikuwa amempa mgongo, anatamka kwa dirisha. Mzee hasomi anachoandikiwa, hajawahi kusoma; neno atakaloandika Glafira ndilo litakalofika mpakani.

Glafira aliinua macho. Yakakutana na ya Izidor, pale kwenye upenyo. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza, hakufanya ishara yoyote. Aliteremsha macho kwenye karatasi, akaanza kuandika.

Izidor akaufunga mlango.